Christian Okoye, jitu la Enugu

Usiku kucha nimekuwa nikitazama video za zamani za Christian Okoye, na mpaka sasa mwili unanisisimka. Mtoto wa Enugu, Nigeria, aliyekwenda Chuo Kikuu cha Azusa Pacific, California, kurusha kisahani. Mwaka 1984 Nigeria haikumchukua kwenye timu ya Olimpiki, ndipo akajaribu futiboli ya Kimarekani, mchezo ambao tangu azaliwe hakuwahi kuucheza. Mwaka 1987 timu ya Kansas City Chiefs ikamchukua!

Kazi yake ilikuwa kupokea mpira na kupenya ukuta wa mabeki. Tazameni anavyopita: karibu kilo 118, ana mbio za mwanariadha, mabeki wawili watatu wanamdandia naye anawaburuta tu. Msimu wa 1989 alikimbia na mpira yadi 1,480, akaongoza NFL nzima, ligi kuu ya mchezo huo Marekani. Wamarekani wakamwita Jinamizi la Kinaijeria, na jina lilimkaa sawasawa.

Majeraha ya goti yakamkatiza. Baada ya msimu wa 1992 hakucheza tena. Misimu sita tu, jamani, inaniuma! Walimu wa michezo, wanafunzi wenu wanaorusha tufe na kisahani waonyesheni huyu mtu.