Ukiona sheria imevunjwa, unamwambia nani?

Mpwa wangu yuko likizo hapa Tabora, kaja na treni wiki iliyopita. Kazi yake ni kutunza farasi huko Arusha na mara mojamoja wanavuka mpaka kwenda Kenya kwenye mashindano ya kuruka viunzi. Huku kwetu farasi tunamwona kwenye tivii tu, haya mapori yetu ya miombo yana mbung'o na farasi na mbung'o hawaelewani kabisa, kwahiyo akianza kusimulia watu wote mtaani wanasogeza viti.

Juzi jioni tumekaa chini ya mwembe nikamweleza jambo ambalo limenikaa rohoni tangu mwezi uliopita. Mi ni katibu wa timu yetu ya mtaa, tulikuwa tunacheza ndondo, tukafungwa mbili moja na winga wao ndo aliyetuua. Nikawa na hakika kabisa yule ni mamluki, yaani mchezaji wa kuazima ambaye hajasajiliwa. Hakuna aliyeniambia, sikuuliza, nikasimama tu pembeni ya uwanja nikapaza sauti "mamluki huyo, mtoeni!" mashabiki wetu wakadakia na dogo akazomewa mpaka filimbi ya mwisho. Kesho yake kamati wakafungua daftari la usajili, dogo yumo, kasajiliwa kihalali, amehamia kata ya Isevya hapahapa Tabora kwa bibi yake tangu Januari. Ana miaka kumi na saba. Toka siku ile hajaonekana mazoezini.

Mpwa akanisikiliza mpaka mwisho akasema, "Mjomba, kwetu wangekutoa wewe uwanjani."

Akaanza kunieleza wanavyofanya wao, na kwakweli nimejifunza. Kwenye sheria za FEI, yaani shirikisho la dunia la michezo ya farasi, ukiwa na malalamiko unaandika, unasaini, unaweka na hela ya dhamana, unampelekea mkuu wa jopo la waamuzi. Kama ni matokeo una dakika 30 tu tangu yatangazwe. Kama unaona farasi fulani hastahili kushindana unasema kabla hajaingia, sio usubiri akushinde ndo ukumbuke. Hiyo ya dhamana nimeipenda sana maana ukishatoa hela mfukoni lazima ujiulize, hivi hili nimeliona kwa macho au nimelisikia kijiweni?

Ila akasema kuna kitu kimoja hakisubiri, mnyama akiumizwa. Hapo sheria yao inamtaka yeyote aliyeona aripoti bila kuchelewa. Na hapa ndo akanisimulia ya kwake. Mwaka wake wa kwanza alikuwa kwenye kiwanja cha kupasha akaona povu la farasi mmoja lina rangi nyekundu na mpandaji anazidi kuvuta hatamu. Vijana wenzake wakatoa simu wakaanza kurekodi wakatupia kwenye magrupu. Yeye aliogopa, nani atamsikiliza mtunza farasi? Mzee mmoja wa kazini akamwambia nenda kwa msimamizi wa kiwanja, mtaje farasi kwa namba yake, sema umeona damu mdomoni na umeona saa ngapi, basi, usiseme mpandaji ni katili maana moyo wake huujui. Akaenda anatetemeka. Msimamizi akamsimamisha farasi, wakamfungua lijamu, daktari akakuta kajing'ata ulimi. Mpandaji mwenyewe alikuwa hajaona. Farasi akapumzishwa siku ile, na hakuna aliyetukanwa.

Nikamuuliza sasa je ile ya Charlotte Dujardin, maana hata mimi niliisikia. Yule mpanda farasi Mwingereza alijitoa Olimpiki ya Paris 2024 siku chache kabla ya kuanza baada ya kutoka video anamchapa farasi miguuni mazoezini, akafungiwa mwaka mmoja. Video yenyewe ilikuwa ya miaka kadhaa nyuma. Kosa ni kosa na adhabu ilimstahili, mi sina shaka na hilo, lakini watu wakaishia kubishana kwanini imetolewa leo na nani kaitoa, na farasi aliyechapwa akasahaulika. Ingepelekwa siku ileile mjadala ungekuwa juu ya farasi.

Halafu kuna ya Olimpiki ya Athens 2004. Bettina Hoy, mpanda farasi wa Ujerumani, kwenye kuruka viunzi alivuka mstari wa kuanzia mara mbili, saa ya uwanjani ikaanza upya. Waamuzi wakahesabu tangu alipovuka mara ya kwanza wakampa adhabu ya muda, Ujerumani wakalalamika, kamati ya rufaa ikaifuta, dhahabu mbili zikaenda Ujerumani. Ufaransa, Uingereza na Marekani wakaenda mahakama ya michezo CAS, na hoja iliyoshinda ni kwamba ile kamati haikuwa na mamlaka ya kugusa uamuzi wa uwanjani. Tarehe 21 Agosti dhahabu ya timu ikaenda Ufaransa na ya mtu mmojammoja kwa Leslie Law wa Uingereza. Mi nimemhurumia Hoy, inauma sana, lakini kesi ilikuwa juu ya kanuni, sio juu ya tabia yake.

Nimeshaongea na mwenyekiti wetu, msimu ujao malalamiko yote yanapita kwa katibu kwa maandishi na katibu nikiwa mimi sikanyagi pembeni ya mstari. Na kesho alasiri naenda Isevya na mpwa wangu, bibi yake dogo nimeshamtumia salamu kwamba nakuja kumwomba radhi mjukuu wake, amejibu nije ila dogo ataamua mwenyewe kama anatoka ndani.