Biolojia ya ng'ambo na hesabu ya kusi

Mwanafunzi wa Lamu anayetaka kusomea biolojia ng'ambo huanza kwa kuulizia ada. Swali la kwanza lingekuwa lile la nahodha: utakuwa baharini msimu gani?

Uzamili wa Uingereza kwa kawaida ni mwaka mmoja kuanzia Septemba, na utafiti wa tasnifu huangukia Mei hadi Agosti. Wakati huo kusi inavuma, bahari ya nje imechafuka na maji hayaonyeshi kitu. Anayehesabu matumbawe ya Kiunga, hifadhi ya bahari kaskazini mwa Lamu, atashinda gatini. Ujerumani uzamili huwa miaka miwili, vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, na mradi unaweza kusogezwa hadi kaskazi, Desemba mpaka Machi. Kwa mtu wa matumbawe, mimi naona shauri limekwisha.

Wa mikoko ana nafuu. Yeye afuate bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji yakipwa sana. Siku za maji mafu afanye kazi ya mezani.

Vibali huangusha wengi kuliko mitihani: tiketi mkononi, ruhusa hakuna. Unahitaji leseni ya utafiti ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, idhini ya KWS, shirika la wanyamapori, ukiingia hifadhi, na ya Huduma ya Misitu kwa mikoko. Sampuli za kutolewa nchini zina kibali chake cha NEMA, mamlaka ya mazingira, maana Kenya imo katika Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki. Na usizitie kwenye formalini kama unataka DNA, huiharibu. Tumia ethanoli ya asilimia 95 au zaidi.

Maprofesa hupokea barua nyingi zenye alama nzuri. Yenye jedwali la data ni chache, na data hiyo unaweza kuikusanya kabla hujaomba nafasi. Pima kiwanja cha mita 10 kwa 10 ndani ya mikoko, andika kila mti na aina yake: mchu, mkandaa, mlilana. Zungusha futi ya fundi cherehani kwenye shina, mita 1.3 kutoka ardhini, ugawe kwa 3.14 upate kipenyo. Aina iitwayo mkoko hasa haipimwi hivyo. Mizizi yake hutoka juu shinani, basi panda sentimita 30 juu ya mzizi wa mwisho ndipo upime, ukishikilia 1.3 utakuwa unapima mizizi. Andika kwa penseli, wino hukimbia ukiguswa na maji ya chumvi.