Mji mzima ukikesha

Mwezi wa Ramadhani ukiandama hapa Lamu, kakangu huwa hana tofauti na mtu. Tarawehe, kahawa ya barazani, daku: saa nane za usiku vichochoro vina watu, na hakuna amuulizaye mbona hajalala. Miezi mingine, akizungukazunguka darini wakati huo, majirani husema ana jini.

Ana skizofrenia, maradhi ya akili. Wageni huuliza sauti anazosikia, kumbe kwetu kinachotuchosha zaidi ni usingizi. Hulala watu wakienda kusali alfajiri, akaamka karibu na alasiri. Ami humwita mvivu, eti angekuwa na kazi angelala kama watu.

Hilo hunikera, maana lilishachunguzwa. Mwaka 2012 watafiti wa Oxford walichapisha matokeo ya wagonjwa 20 wa skizofrenia waliovishwa mkononi kifaa cha kupima mwendo, wakalinganishwa na watu 21 wazima ambao nao hawakuwa na kazi. Wagonjwa wote usingizi wao ulikuwa umevurugika, wengine saa ya mwili imeachana kabisa na usiku na mchana. Wale wazima wasio na kazi hawakuwa hivyo. Nimemsomea ami. Amesema Oxford hawamjui kakangu.

Dawa nazo zina yao. Ya kwanza ilimtia wahaka wa miguu, hakai wala halali. Hii ya sasa humlaza, ila imemnenepesha na anakoroma mpaka pumzi inakatika, jambo ambalo daktari ametaka tulifuatilie. Na miraa, Mungu atusitiri, iko kila kona.

Mama ana kipimo chake. Asubuhi, kabla hata ya salamu, hutazama shuka la kaka. Likiwa limenyooka vile vile alivyolitandika jana, hupiga simu kliniki siku hiyo hiyo, kwa kuwa kwake yeye usingizi hutangulia kupotea, ndipo mengine yafuate. Hajangoja aanze kusema na ukuta tangu alipoligundua hilo.

Mwaka huu tulimwona daktari mapema, kabla ya mfungo, akapanga upya saa za dawa. Kazi ni Idi ikishapita. Mji hurudi kulala, yeye hubaki na saa za Ramadhani hadi Mfungo Mosi umalizike. Nimeshamwambia ami: mlango wa chumba kile usigongwe saa tatu asubuhi, hata kama kuna mahamri.