Nilisema nimehesabu

Jumapili usiku. Mikono inanuka oili ya difu, yale magia ya katikati ya ekseli yanayozungusha magurudumu; ile harufu ya yai viza ambayo sabuni ya unga haiiwezi. Watoto wamelala. Naandika sasa hivi kwa sababu najijua: nikingoja kesho nitaipunguza chumvi.

Wanaosoma humu tangu mwanzo wanalijua gari. Land Rover 109, Series III ya mwaka 1979, niliyoinunua Tanga ikiwa haina injini, ikapanda Arusha mgongoni mwa lori na kushushwa nyuma ya nyumba, chini ya banda la mabati lililokuwa la kuku. Kuku hawakuhama. Mmoja bado anataga nyuma ya kiti cha dereva, na mke wangu anasema huyo ndiye pekee aliyewahi kupata faida kwenye mradi huu.

Nilichotaka ni gari la makorongo. Litoke Mto wa Mbu, lile vumbi la Engaruka, lifike Engare Sero nilale chini ya Ol Doinyo Lengai, kisha nirudi bila kuvutwa na mtu. Basi.

Kazi ya bodi nimeshaieleza sana, sirudii yote. Bodi zenyewe ni aluminiamu, maana gari hizi zilipoanza kutoka mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, na mwanangu ameshalizunguka lote na sumaku akitafuta mahali itakaponasa. Lakini chesisi ni chuma, na ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni chuma, na chumvi ya Tanga ilikuwa imevila kuanzia ndani. Unagonga kwa nyundo; pakilia kwa sauti kavu unaendelea mbele, pakilia kama debe lenye unga unakata. Nilikata miezi minne. Mashine ya kuchomelea inakunywa umeme kama ng'ombe aliyetoka machungani, na mara mbili Luku iliisha nikiwa katikati ya mshono.

Injini nikapata ya Discovery iliyokuwa imepinduka: dizeli ya turbo, lita 2.5, ile 200Tdi. Na hapo ndipo habari ya difu inapoanzia.

Gari hili kiwandani lilitoka na difu za 4.7. Yaani propela, ule mhimili mrefu unaopeleka nguvu kwenye difu, inazunguka karibu mara tano ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kwa injini yake ya zamani ilikuwa sawa. Ukiweka turbo, ukitaka kukimbia barabarani injini inalia kama inachinjwa. Kwa hiyo wengi wanaobadilisha injini hubadilisha na difu, wanaweka za 3.54 kutoka Defender au Range Rover ya zamani. (Ukishabadilisha, mshale wa spidi nao unaanza kukudanganya: ukionyesha 60 wewe uko karibu na 80. Ukisimamishwa na trafiki, kajieleze.)

Difu ya nyuma ya 109 ni ile kubwa ya Salisbury. Aliifanya Mzee. Namwita Mzee tu, amekuwa fundi wa Land Rover tangu mimi sijaanza shule, na kila Jumamosi alikuwa anashuka kutoka Ngaramtoni na mfuko wake wa spana. Alihamisha matumbo yote kutoka ekseli ya Land Rover 110 iliyochoka, siku mbili, akipima nafasi za unene wa karatasi. Alipomaliza alichukua chaki. Akachora mstari kwenye tairi, akachora mwingine kwenye propela, akanyanyua gurudumu moja kwa jeki na kuacha lingine chini. Ukifanya hivyo, lile lililo hewani linakimbia mara mbili, kwa hiyo unalizungusha mizunguko miwili na kuhesabu ya propela. Ikatoka tatu na nusu na kidogo. Akafuta chaki kwa kiganja, akaomba chai.

Ya mbele niliifanya mimi, Jumapili moja, peke yangu. Kichwa cha difu nilikinunua kwa muuza vyuma chakavu, kimeandikwa 3.54 kwa rangi nyeupe, mwandiko mzuri kabisa. Nikakiingiza, nikafunga, nikajaza oili. Sikuhesabu. Jua lilikuwa limezama, nilikuwa na njaa, na namba ilikuwa imeandikwa.

Jumamosi iliyofuata Mzee aliinama, akatazama ile gasketi mpya, akauliza, "Umehesabu?"

Nikasema nimehesabu.

Nimelifikiria lile jibu siku hizi zote. Kuhesabu kungechukua dakika kumi, difu ikiwa imeshafungwa vilevile. Chaki ilikuwa dirishani. Sikuwa na haraka yoyote, na yeye asingenicheka. Nadhani nilitaka tu kwa siku moja niwe fundi mwenzake, si yule jamaa wa ofisini anayeshikia taa.

Tukalipeleka gari upande wa Monduli kulijaribu. Barabarani lilikwenda vizuri hadi nikaimba. Tulipofika kwenye korongo, mchanga mkavu na mawe, nikabonyeza kile kitufe cha njano cha kuunganisha magurudumu ya mbele. Gari likaguna. Likatetemeka, usukani ukawa mgumu, chini kukawa na mlio wa kitu kinachokamuliwa. Nikakanyaga klachi, nikajaribu kukitoa kitufe, kikagoma. Mzee akaniambia nirudi kinyumenyume kidogo, ndipo kikafyatuka chenyewe. Akakaa kimya muda mrefu.

"Ni transfa," akasema. "Kuna kitu nimekosea kwenye transfa."

Transfa, ile giaboksi ya pili inayogawa nguvu mbele na nyuma, aliifunga yeye. Na difu nilishamwambia nimehesabu.

Aliifungua. Akabadilisha beringi. Nilipotaka kumpa hela alikataa, akasema fundi halipwi kwa kurudia kosa lake. Beringi zenyewe nilikuja kugundua alizinunua kwa mfuko wake. Tukajaribu tena, gari likaguna vilevile. Akaifungua mara ya pili. Safari hiyo alikuwa anakishika kila kipande na kukisogeza kwenye mwanga, akikigeuzageuza, na mimi nimesimama pembeni na kikombe cha chai. Baada ya hapo hakuja Jumamosi mbili. Alituma ujumbe kwamba goti linamsumbua.

Hapa ndipo panaponiuma. Shemeji yangu alipita, akauliza gari limefika wapi, nikamwambia, kwa sauti, mbele ya watoto: "Mzee amezeeka. Macho yamekwisha."

Alhamisi jioni nilikuwa natoa hewa kwenye breki za mbele. Gurudumu la kushoto liko juu, nimeweka na stendi chini ya ekseli (jeki peke yake usiiamini, nilishazika ndoo nzima ya rangi kwa kosa hilo). Nikaliona limetulia hewani, na chaki iko palepale dirishani. Sikuwa nashuku chochote. Mkono tu uliifuata. Nikachora mistari miwili, nikazungusha gurudumu raundi mbili huku nimelala ubavu natazama propela. Moja. Mbili. Tatu. Ilipofika tatu na nusu nilisubiri gurudumu limalize. Halikumaliza. Propela ikaenda nne, ikaipita, ikasimama tano kasoro.

Nikahesabu tena, nikitumaini kelele za watoto zilinipoteza. Tano kasoro. 4.7, rangi nyeupe au isiwe nyeupe.

Fanya hesabu mwenyewe: mbele 4.7, nyuma 3.54. Gurudumu la mbele likizunguka mara tatu, la nyuma linadai nne. Nimelifunga gari kamba mbili zinazovutana, halafu nikamfanya mtu mzima afungue transfa mara mbili kutafuta fundo. Na ile transfa ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza.

Jana asubuhi nilipanda Ngaramtoni. Nilimkuta nje, mguu ameunyoosha juu ya kigoda.

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba mwanangu. Gari limekulaza wapi?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimeandaa maneno njiani, mengi, kuhusu muuza chuma na mwandiko wake. Yote yakanitoka. Nikasema difu ya mbele ni 4.7.

Akaitikia kwa kichwa. Akamwita mjukuu alete kiti kingine. Nilipokaa akauliza, bila ukali wowote, "Na ile siku nilipokuuliza?"

"Sikuwa nimehesabu."

Alikunywa chai yake hadi ikaisha. Kisha akasema, "Ile transfa nimeifungua usingizini sijui mara ngapi. Naamka, naenda uani, namwambia mama watoto goti." Akacheka kidogo, peke yake.

Nikatoa bahasha. Ufundi wa siku zile mbili, beringi, na nauli zake za kushuka mjini. Nitasema kweli, kwa kuwa ndiyo niliyokaa kuandika: moyoni nilitegemea ataisukuma bahasha na kusema acha mwanangu, yameisha. Nilikuwa nimeshapanga hata namna ya kumbembeleza aipokee.

Aliipokea. Akazitoa noti, akazilaza kwenye paja, akazihesabu moja moja, midomo ikicheza. Akafika mwisho, akazigeuza, akazihesabu upya.

"Imetimia," akasema.