Maneno ya 1611 Yenye Sura za Leo

Juzi kwenye mazishi mtaani kwetu somo lilisomwa kwa Kiingereza, kutoka Biblia ya Mfalme James ya mwaka 1611. Ilikuwa Wathesalonike wa Kwanza, sura ya 4. Msomaji alipofika aya ya 15, “shall not prevent them which are asleep”, mpwa wangu aliyekaa karibu nami akaninong'oneza: “Mjomba, kwani nani anataka kuwazuia marehemu?”

Nimelifikiria sana swali lake, maana aliuliza vizuri. Shuleni amefundishwa kwamba “prevent” ni kuzuia, na ndivyo lilivyo leo. Lakini neno hilo lina asili ya Kilatini, na kule lilikotoka ni kuja mbele, kutangulia. Wafasiri wa 1611 waliliandika kwa maana hiyo. Katika Biblia yetu ya Kiswahili, Union Version ya mwaka 1952, aya hiyohiyo inasema “hatutawatangulia wao waliokwisha kulala mauti”. Mtume anawaambia wafiwa kwamba watakaokutwa hai siku ile hawatafika kwa Bwana kabla ya wapendwa wao waliokufa. Faraja yote ya aya imebebwa na kitenzi hicho kimoja, na msikilizaji wa leo anaipoteza pasipo kujua.

Geuza kurasa chache tu, uingie Wathesalonike wa Pili 2:7: “he who now letteth will let”. Hapo mambo yamepinduka kabisa. “Let” tunayoijua ni kuruhusu. Hii ya Paulo ni kuzuia, na Biblia yetu inasema “yuko azuiaye sasa”. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili tofauti, kimoja cha kuruhusu na kingine cha kuzuia, na matamshi yao yakaja kufanana. Hamlet wa Shakespeare anapowaapia rafiki zake, “I'll make a ghost of him that lets me”, anamtishia yule atakayemshika asiufuate mzimu wa baba yake. Ile ya kuzuia haijafa kabisa: imo hadi leo katika maneno ya ufunguzi ya pasipoti ya Uingereza, “without let or hindrance”, yaani bila kuzuiwa wala kukwazwa.

Kwa maoni yangu, maneno ya kale yasiyojulikana si tatizo kubwa. Neno ambalo hujapata kuliona hukusimamisha, ukaenda kwenye kamusi. Hili unalolitumia kila siku hukupitisha mbio, nawe unaondoka na maana isiyokuwemo. “The quick and the dead” ni walio hai na waliokufa; “quick” ya leo ni ya mbio, lakini hapana mbio hapo. “Conversation” katika Wafilipi 1:27 si mazungumzo kama leo, ni mwenendo.

Ndiyo maana naiheshimu mno kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford. James Murray, aliyeacha shule akiwa na miaka 14, alishika uhariri wake mwaka 1879. Watu wa kujitolea walisoma vitabu vya karne nyingi, wakanakili sentensi kwenye vipande vya karatasi na kumpelekea. Maana za neno zikapangwa kwa umri, kila moja na mifano yake yenye mwaka. Murray alifariki mwaka 1915, kazi ikakamilika 1928, ikiwa na nukuu zaidi ya milioni 1.8. Kila nukuu ni ushahidi kwamba mtu fulani, mwaka fulani, alilitumia neno hivi.

Mpwa wangu nimemwonyesha pia toleo la Kiingereza lililosahihishwa, ambalo Agano Jipya lake lilitoka 1881: pale “prevent” imekuwa “precede”, yaani kutangulia. Sasa anataka tuangalie “charity” ya Wakorintho wa Kwanza 13, neno ambalo leo ni kutoa sadaka. William Tyndale, aliyefasiri Agano Jipya kwa Kiingereza, aliandika “love” (upendo) mwaka 1526, na Thomas More, msomi Mkatoliki wa Uingereza, akamshambulia vikali kwa hilo. Wafasiri wa 1611 wakaweka “charity”. Toleo la 1881 likairudisha “love”. Jumapili jioni tutakaa na matoleo yote matatu mezani, tusome sura nzima.