Spea ndogo kwenye Hilux: ilivyonilia difu, na nilivyokuja kuiweza

Jamani mimi nina hasira na huu ushauri wa tairi ya akiba, "spea ni spea, funga popote uondoke". Nimeambiwa na mafundi, nimeambiwa na madereva wenzangu pale Pangani tukisubiri kivuko, na siku niliyoufuata ndo ikanigharimu difu, lile boksi la gia la katikati ya ekseli linalogawa nguvu kwa tairi la kulia na la kushoto. Sasa leo naandika yote kama yalivyokuwa, maana najua wapo wengi Tanga hii wamevalisha gari matairi makubwa na huku chini wamebaki na spea ya zamani kama mimi.

Gari langu ni Hilux ya zamani, LN106, dizeli, ile ambayo habu za mbele, vile vifuniko vya katikati ya tairi, unashuka unazungusha kwa mkono: loki tairi inashikana na ekseli, fri inaachia. Nabeba samaki Kipumbwi na Pangani naleta mjini. Ilikuja na tairi saizi 205R16, nikazitoa nikaweka kubwa zaidi, 235/85R16, na springi nikapandisha kidogo, kwa ajili ya tope la masika na mchanga wa kule ng'ambo ya mto. Tairi nilizipenda mpaka leo, nyembamba, ndefu, zinachimba zinakuta chini pagumu. Shida ikaja kwenye spea. Ile kubwa haikai chini ya bodi, ukivuta mnyororo inagota, inabaki inaning'inia kama kiwele cha ng'ombe. Ukiiweka juu inakula nafasi ya deli moja zima la samaki na barafu, na deli moja kwangu ndo faida yenyewe ya safari. Na tairi mpya ya tano ni laki nne na kitu, wakati huo sina. Nikabaki na 205 yangu moja, nzima, ina kashata nzuri, rimu ya 16 ile ile, tundu sita zile zile. Nikasema itanifikisha.

Siku yenyewe ilikuwa mwezi wa nne, mvua imepiga siku tatu. Nimevuka kivuko jioni na madeli manne, changu na kolekole. Sijafika Kigombe tairi ya nyuma kulia ikaisha upepo. Nikampigia fundi wangu, gereji moja huko Ngamiani, akanijibu kwa kujiamini kabisa: "Funga hapo hapo nyuma kaka, halafu ingiza fowili, nguvu igawanyike matairi yote, difu ya nyuma ipumzike." Nikafanya hivyo hivyo neno kwa neno.

Kwenye tope mambo safi, sikatai. Nimepita Kigombe barabara ikawa ngumu, kifusi kimeshindiliwa, ndo gari likaanza tabia. Usukani mzito, linavuta kama mtu kasahau handibreki, kila nikienda mita kadhaa chini panalia "ku!" halafu linaruka kidogo kama limekanyaga jiwe na jiwe hakuna. Nikasimama nitoe fowili, ile gia ndogo ya fowili haitoki. Navuta kwa mikono miwili, mguu nimeukaza kwenye dashibodi, wapi. Nimezima, nimewasha, nimekanyaga klachi mara ishirini, imeganda utadhani imechomelewa. Giza linaingia, niko karibu na Tongoni, barafu inayeyuka naisikia inachuruzika kwenye bodi.

Akapita mzee mmoja na trekta, kwa maneno yake kaendesha kwenye mashamba ya mkonge maisha yake yote. Nikamwamkia, akaliangalia gari kuanzia mbele mpaka nyuma, akaiona ile tairi ndogo, akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mwanangu, nyoosha usukani, tia rivasi, rudi polepole hatua kumi. Usivute gia kwa nguvu, ishike tu kwa vidole." Nikarudi. Kama mita sita hivi chini pakalia "kah!" kubwa, gari lote likatulia kama limetua mzigo, na gia ikashuka yenyewe mkononi mwangu, laini kama kisu kwenye siagi. Wallahi sitaisahau ile.

Akanieleza pale pale, kachuchumaa, anachora kwa kijiti. Ukiingiza fowili kwenye gari hizi, propela ya mbele na ya nyuma, zile shafti zinazopeleka nguvu kwenye difu, zinafungwa pamoja, lazima zizunguke sawasawa. Nyuma ukiweka tairi ndogo moja, upande wa nyuma unataka kuzunguka zaidi kuliko wa mbele. Kwenye tope au mchanga tairi zinateleza kidogo, tofauti inaishia pale. Kwenye ardhi ngumu haziwezi kuteleza, kwa hiyo mkazo unajisokota humo ndani kama kamba ya ngalawa, mpaka meno ya gia yanabanana yasiachie. Kurudi nyuma ndo kuisokotoa ile kamba. Yaani yule fundi alinielekeza kinyume kabisa cha kinachotakiwa, na aliongea kama mtu anayejua.

Mzee akanionya pia nisikimbie. Hapo kosa ni langu mwenyewe, samaki walinitia haraka nikaenda 80 mpaka mjini. Nilipofika nikagusa difu ya nyuma, mkono ukaruka wenyewe, sekunde mbili hazikuisha. Kesho yake tumemwaga oili imetoka nyeusi ina unga wa chuma unang'aa ukiiweka juani. Kufungua, pini inayoshika vile vigia vidogo vya ndani imelika mpaka ukipitisha kucha inakwama. Laki tatu na ushee, na siku mbili sikwenda Kipumbwi.

Halafu bado watu wakaniambia eti dawa ni upepo: spea ijaze sana, kubwa ya upande wa pili ipunguze, zitalingana kimo. Hili nikasema sasa silimezi, napima. Jumapili nimechukua chaki na futi ya kuvuta ya seremala, mimi na kijana wangu, mbele ya nyumba. Unachora mstari kwenye tairi pale inapogusa chini, unachora na sakafuni, unasukuma gari mpaka mstari urudi chini, unachora tena, unapima. Tairi kubwa: mita 2 na sentimita 45. Ndogo: mita 2 na 24. Tofauti sentimita 21 kila mzunguko! Kubwa nikaipunguza upepo kutoka psi 40 mpaka 20, imelala chini kabisa unaiona tumbo limetoka, kupima tena imepungua sentimita 2 tu. Tairi hizi za rediali zina mkanda wa nyaya ndani unaozunguka tairi yote, ubavu unalala lakini mkanda haufupiki. Nilifurahi mno kujua hilo kwa mkono wangu mwenyewe, kijana naye akapiga hesabu: kilomita moja kubwa inazunguka mara 408, ndogo mara 446. Mizunguko 38 ya ziada kila kilomita, na yote hiyo vile vigia vya difu ndo vinaifanyia kazi bila kupumzika, kwenye gari lenye mzigo. Kutoka Pangani mpaka mjini kama kilomita 50, piga mwenyewe.

Ndo nikapata jibu: ile ndogo ikae mbele, habu zikiwa fri. Habu zikiwa fri zote mbili, matairi ya mbele yanajizungukia tu kama ya mkokoteni, difu ya mbele haiambiwi chochote, moja ikizunguka zaidi ya mwenzake hakuna anayeumia. Nyuma kunakovuta kunabaki kubwa mbili zilizo sawa.

Nafasi ya kujaribu ikaja mwaka jana. Natoka Kipumbwi, kabla ya Mwera, kisiki kimechana ubavu wa tairi ya nyuma kushoto, mpasuko unaingia vidole vitatu, hiyo huzibi. Kijana niliyekuwa naye akatoa jeki kuipeleka nyuma, nikamwambia mdogo wangu hapana, anza mbele. Tumeweka kipande cha ubao chini ya jeki maana ni mchanga, tumetoa kubwa ya mbele kushoto, tumefunga ndogo, tumeshusha. Ndo tukaenda nyuma, tukatoa iliyochanika, tukafunga ile kubwa tuliyoitoa mbele. Ukianza mbele jeki moja inatosha na gari halikosi mguu. Upepo wa spea niliukuta uko sawa kwa sababu siku hizi naupima kila Ijumaa, na pampu ndogo ya kuchomeka betri iko nyuma ya siti. Kazi nzima dakika arobaini hivi, jasho tu.

Mbele yetu palikuwa na mchanga laini kama mita mia mbili. Hapo nilifunga habu, nikaingiza fowili, nikapita mwendo wa kutembea usukani umenyooka, na nilipokanyaga pagumu tu nikatoa, nikarudi nyuma kidogo kuachia mkazo, nikashuka nikazirudisha habu fri. Zote mbili, usisahau moja. Madeli mawili mazito tuliyasogeza kulia kwa sababu mbele kushoto pameinama kama sentimita tatu na nusu. Usukani unavuta kushoto, breki pia inavuta, kwa hiyo unakanyaga mapema na taratibu, na mimi sikuzidi 50. Wenye gari za fowili ya muda wote, Prado nyingi na wenzake, msiige hili langu, hakuna habu za kufungua, kila tairi iko kazini muda wote, ninyi tafuteni spea ya saizi yenu.

Kivuko tulikipata cha mwisho mwisho. Tumepanda ile njia ya majimaji ng'ambo ya Pangani, tairi mbili za nyuma zinavuta sawa, hakuna mlio, hakuna kuruka. Deep Sea, kule soko la samaki mjini, nimefika usiku, mteja wangu ananisubiri, barafu bado ipo kwenye madeli yote. Nikamwambia shemeji nipe dakika moja, nikaingia chini ya gari na tochi ya simu kabla sijashusha hata samaki mmoja, nikaweka kiganja kwenye difu nikahesabu mpaka thelathini.