Kumi Mara Tatu

Jumapili usiku, Kisumu

Magoti yananiuma. Jana na juzi tumeshinda tumepiga magoti kwenye sakafu ya simiti ya ukumbi wa kanisa hapa Nyalenda, kina mama wa chama chetu cha samaki pamoja na vijana sita wa bodaboda, tukishindilia vifua vya sanamu za mpira. Karai nimeliosha, unga wa kesho nimeufunika, watoto wamelala, na bado viganja vyangu vinahesabu.

Mafunzo haya ya huduma ya kwanza tuliyachangia wenyewe, baada ya mwenzetu kumwagikiwa na mafuta mwezi wa pili. Sisi wakaangaji sote tuna alama. Yangu iko mkono wa kulia, kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko, ukumbusho wa kukaanga samaki aina ya mbuta mwaka 2016. Siku ile waliokuwa karibu walinipaka unga wa ngano, kisha dawa ya meno juu yake, na kliniki ikachukua muda mrefu kuubandua ule ugando, nami nauma leso. Mkufunzi wetu, dada mwenye sauti ya chini usiyoweza kuisikia mpaka unyamaze, aliushika mkono wangu mbele ya wote, akauliza nilipakwa nini. Kila nilichotaja, mwanamke mmoja nyuma alisema, "Hata mimi." Akatuambia dawa ya kwanza ya moto ni maji: maji safi ya kawaida, si barafu, yapite juu ya jeraha dakika 20, na pete au bangili ivuliwe kabla mkono haujavimba.

Dakika 20 za maji, na mifereji yetu haitoi maji kila siku! Tulimwambia hivyo. Akaomba beseni, mtungi na kikombe, akaanza kumimina polepole juu ya mkono wa mama mmoja, na tukamwangalia hadi saa ilipotimia. Mtungi haukuisha. Leo asubuhi nimeweka mtungi wa lita 20 chini ya meza yangu ya kukaangia na nimemwambia msichana ninayefanya naye kazi kwamba maji hayo hayapikiwi wala hayanawiwi.

Mengine nitayaandika upesi nisiyasahau. Aliyeanguka kwa pikipiki asibebwe mikono na miguu kama gunia na kukunjwa kwenye kiti cha nyuma cha gari. Shingo yake ishikwe itulie, na damu inayochuruzika igandamizwe kwa nguo safi papo hapo inapotokea, bila kufunuafunua. Mwenye kifafa asitiwe kijiko mdomoni. Ondoa vitu vigumu karibu naye, na kikipita mlaze ubavu. Aliyepaliwa na chakula hata hawezi kukohoa wala kusema, apigwe mara 5 mgongoni kati ya mabega, kisha akibaki vilevile abanwe tumbo juu ya kitovu mara 5, ukibadilishana. Simu ni 999 au 112, na ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Nimeziandika kwa kalamu nzito kwenye ubao wa bei, chini ya bei ya ngege.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kifua. Mtu hajibu, hapumui, au anatweta tu mara mojamoja kama samaki aliyetupwa mchangani: hapo ndipo unaanza. Kiganja kimoja katikati ya kifua, cha pili juu yake, viwiko vimenyooka, mabega juu ya mikono. Unashindilia kina cha sentimita 5 au 6 kwa mtu mzima, unaachia kifua kiinuke chote, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Thelathini, kisha pumzi mbili, kisha thelathini tena. Sikujua kifua cha mtu kinahitaji nguvu zote hizo. Raundi ya tatu jasho lilikuwa likinidondoka juu ya uso wa ile sanamu.

Na kuhesabu kulitushinda. Mpaka kumi tulikwenda vizuri. Tulipofika "kumi na moja, kumi na mbili", ulimi ulirefuka na mikono ikausubiri, mwendo wote ukalegea. Aliyejaribu kwa Kijaluo alikwama palepale. Mkufunzi akasema tuache kupanda: tuhesabu moja hadi kumi, turudi moja, mara tatu. Ukumbi mzima ukashika mwendo mmoja. Moja mbili tatu nne, mpaka kumi, tena, tena, pumzi.

Wakati wa chai nilimuuliza kwa nini ile sanamu ina uso wa msichana aliyelala. Akanieleza kwamba ya kwanza ilitengenezwa mwaka 1960 na Mnorwei, Asmund Laerdal, fundi wa wanasesere ambaye mwanawe mdogo alikuwa ameponea chupuchupu kufa maji. Uso aliuiga kutoka kwa kinyago cha msichana asiyejulikana jina, ambaye husemekana aliopolewa kutoka mto Seine, Paris, katika karne ya 19. Basi sote tulikuwa tukimpulizia pumzi mtu aliyezama. Chai yangu ikapoa mkononi.

Kwa sababu somo la mwisho la jana lilikuwa la kuzama. Sisi ni watu wa ziwa. Hilo ndilo somo vijana walilolisubiri. Dada akasimama akasema: "Aliyezama msimning'inize kichwa chini. Msimkande tumbo kutoa maji. Mnapoteza dakika, na kilichomo tumboni kinapanda na kushuka kwenye mapafu. Alichokosa ni hewa. Mpeni pumzi tano kwanza, kisha kifua."

Wengine waliandika. Mimi sikuweza.

Mwaka 2001 nilikuwa na miaka 15, niko kwa baba mdogo wakati wa likizo. Mwanawe wa kiume alikuwa na miaka tisa, na alipenda kuogelea pale kina mama walipofulia. Baba mdogo mwenyewe ndiye aliyemtoa majini. Wazee wakasema mgeuzeni, maji yatoke. Baba mdogo akashika mguu wa kulia, nami nikiwa karibu nikashika wa kushoto, tukamwinua kichwa chini. Mtu mwingine akamkanda tumbo. Maji yakatoka puani na mdomoni, na pamoja na maji ukatoka uji. Tuliona yanatoka, tukapiga kelele za furaha. Uji ule nilimpikia mimi asubuhi, aliomba sukari zaidi nikamwongezea. Kifundo chake cha mguu kilikuwa kimeteleza kwa matope, ikanibidi nikikaze kwa mikono miwili ili nisimwangushe.

Hakuna aliyempulizia pumzi hata moja. Kila mtu ufuoni alimpenda, na kila mtu alifanya alichofundishwa na waliomtangulia.

Jana usiku nimesoma kwenye simu kwamba mwaka huohuo wa 1960 madaktari wa hospitali ya Johns Hopkins, huko Baltimore, Marekani, waliandika kwamba moyo uliosimama waweza kusukumwa kutoka nje ya kifua, popote, na yeyote mwenye mikono miwili. Nimetoa 1960 kwenye 2001. Miaka 41. Mikono tulikuwa nayo, mingi, ufuo mzima. Elimu hiyo ilivuka bahari mpaka hospitalini, lakini haikushuka zile kilomita chache hadi bichi yetu. Hilo linaniuma kuliko magoti, na sitalinyamazia. Nimeshawaambia viongozi wa bichi: kila boti ya omena, wale dagaa wetu, inayotoka usiku iwe na angalau watu wawili waliopitia sakafu ile ya simiti, na mitungi mitupu iliyofungwa vifuniko barabara, yenye kamba. Mtungi mtupu unaelea, na mtu anaweza kuukumbatia. Kurusha mtungi ni bora kuliko kujirusha, maana anayezama humkwea anayemfuata na wakazama wote wawili.

Nilikuwa nikiwaza tangu jana kama nimwambie baba mdogo au nimwache. Ana miaka 66 na moyo wake umetulia. Kila anapomtaja mwanawe husema, "Tulifanya yote." Nani humpokonya mzee neno kama hilo?

Leo baada ya ibada nilichukua mto wa kochi nikateremka bichi ya Dunga kwa baba mdogo. Nilimkuta chini ya mti, nyavu mapajani, anashona. Nikamwamkia, nikamwambia nimekuja kumwonyesha nilichojifunza, akacheka akasema nionyeshe. Nikapiga magoti mchangani, nikaweka mto, nikaanza na pumzi tano, nikashindilia, nikahesabu kumi mara tatu. Sikusema chochote juu ya mwaka 2001.

Alinitazama mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na maji ya tumboni?"

"Yaache, baba. Hewa kwanza."

Sindano ya nyavu ikasimama mkononi mwake. Hakunitazama, alitazama ziwa, kule boti mbili zilikokuwa zinarudi. Nilisikia magugu yakisuguana na kingo. Baada ya muda mrefu akasema, "Mguu wa kushoto ulishika wewe."

"Ndiyo, baba."

"Ulikuwa mtoto."

Nilishindwa kumjibu. Akaweka nyavu kando, akashuka chini goti moja, halafu la pili, akishika shina la mti, akaja hadi kwenye mto. Akaweka kiganja juu ya kiganja. Viwiko vyake vilikuwa vimekunjika, nikavinyoosha kwa vidole vyangu. Mikono ya mvuvi ina nguvu. Mto ulizama mpaka mchanga ukaonekana pembeni. Akahesabu kwa sauti, kwa Kijaluo, achiel, ariyo, adek, akaenda mpaka apar, akaanza tena achiel.